Vyuma Nilivyovitoa Jikoni

Shabani tulipomzika, mwezi uliopita pale Ulaya, kijiji cha huku kwetu Kilosa, mbao za kumfunikia kaburini nilikata mimi. Zilikuja kwa bodaboda kutoka Mikumi, zimepinda na ni ndefu kuliko kipimo. Vijana wana mashine yao ya umeme na umeme umekatika, wamebaki wanatazamana. Nikasema leteni hapa. Nikafunga khanga kiunoni, nikapiga msumeno, palipobenuka nikapiga randa, na wanaume waliokuwa wanasubiri kubeba jeneza wakanishikia ncha za mbao. Nyuma yangu mwanamke mmoja wa rika la wajukuu zangu akamnong'oneza mwenzake, huyu si ndiye yule bibi aliyemkataa marehemu? Mwenzake akamwambia nyamaza, atasikia. Nilishasikia. Miguu yangu imechoka lakini masikio ni mazima. Ndiyo, ni mimi. Nilimkataa kwa mdomo wangu mbele ya ukoo wake, na hata wakati napima mbao za kaburi lake sikujuta. Nilimwombea dua kama Mwislamu mwenzangu, nikakunja mikono, nikarudi nyumbani. Sasa kwa kuwa yeye hayupo na mimi bado nipo, nitaueleza mwenyewe mwaka ule niliomkataa, kabla wenye kunong'ona hawajaueleza wao.

Wengine huanza habari zao kwa babu na bibi. Mimi naanza na chumba. Kilikuwa chumba cha udongo pale pale Ulaya, chenye dirisha la kupitisha mkono tu, na humo nilikuwa nimekaa eda ya mume wangu Omari, fundi seremala, aliyekufa kwa ugonjwa wa kifua. Upande wa pili wa ukuta palikuwa na baraza. Siku ya arobaini ukoo wake ukakutana hapo. Huku kwetu Usagara mali ya mwanaume haiendi kwa mkewe wala kwa watoto wake. Inakwenda kwa watoto wa dada yake. Sikuwa na ugomvi na hilo, nimezaliwa nimelikuta. Walikula ugali kwa mlenda na perege wa kukaanga, nasikia miiba ikitupwa kwa paka, na walipokaribia kushiba mmoja akaanza kutaja vitu vya marehemu. Randa kubwa. Randa ndogo. Misumeno. Patasi. Keekee ya kutobolea. Kisha akanitaja mimi. Nilitajwa baada ya keekee, na hakuna aliyepunguza sauti. Vyote hivyo, pamoja na mimi, vilikuwa vya Shabani, mtoto wa kwanza wa wifi yangu Mwajuma. Mmoja akasema mke wa Omari bado ana nguvu na hajachoshwa na uzazi, Shabani kapata. Wakacheka kidogo, kicheko cha watu walioshiba, wakaitisha maji ya kunawa.

Nilikaa pale kwenye mkeka nikiangalia ukuta. Waliloliacha kulitaja hawakulijua. Mwaka wa mwisho wa uhai wake Omari hakuweza kusukuma randa hata mara mbili bila kukohoa. Aliweka kiti chake mlangoni, akazungumza na wateja, akawapangia siku ya kuja kuchukua mzigo, na ndani, mlango umeegeshwa, aliyekuwa anapiga randa ni mimi. Alinifundisha kwa kusikiliza. Akisikia randa inakwaruza badala ya kuimba, aligonga ukuta kwa fimbo, nami nikajua kisu kimetoka mno. Watu walikuwa wanausifia mkono wa Omari, kwamba hata ugonjwa haujauharibu. Mkono ulikuwa huu hapa. Basi sanduku la vifaa vya Omari lilipobebwa kichwani kupita mbele ya kidirisha changu, ilikuwa kazi yangu inayobebwa, nami eda haikuniruhusu kutoka. Shabani hakuwa mtu mbaya. Alisimama nje ya mlango kwa adabu, akaniita mke wa mjomba, akaniambia nisihofu, nitakula. Alidhani hofu yangu ilikuwa chakula.

Eda ilipokwisha wifi Mwajuma alikuja na doti ya khanga mpya, akaiweka mapajani mwangu, akasubiri jibu. Nikamrudishia khanga. Akauliza kama nina mwanaume mwingine, nikamwambia sina. Akauliza basi nataka nini. Nikamwambia nataka kufanya kazi ya useremala. Alinitazama kama niliyesema nataka kufuga simba. Wifi yangu alikuwa mwanamke wa maneno machache, na hayo machache yaliingia.

"Kwa vifaa gani?" akaniuliza.

Hilo ndilo lilikuwa swali la mwaka mzima. Bila vifaa nilikuwa mjane tu, na mjane ana mahali pamoja tu pa kurudi. Nikiwa na vifaa nilikuwa fundi. Na vifaa havikuwepo. Waliozaliwa juzi hawataelewa, lakini mwaka ule sabuni ilipangiwa foleni, duka la ushirika lilikuwa na rafu tupu na mwenye duka amekaa nyuma yake amevaa koti, na randa mpya au patasi mpya hata mwenye hela zake hakuiona. Nilifunga godoro na sufuria, nikapanda lori la mahindi mpaka Mikumi. Mama Tausi, aliyekuwa na gesti pembeni ya barabara kuu, alinipa chumba cha uani nimfulie mashuka. Vitanda vyake vyote vililia. Wageni walilalamika asubuhi wakinywa chai. Nilimwambia nikipata vifaa nitavinyamazisha, na milango yake iliyolegea nitaibana. Alikubali, ila kazi niifanye uani, nyuma ya pazia. Alisema madereva wakimwona mwanamke anapiga randa watadhani gesti ina vituko. Nikameza. Sikuwa na randa ya kubishania.

Nilichokuwa nacho ni akili moja. Omari aliwahi kuniambia kwamba mashamba ya mkonge upande wa Kilosa yalipokufa, karakana za Wagiriki zilibaki wazi, na kila kibarua aliondoka na alichoweza kubeba. Chuma kizuri namna ile hakiozi upesi. Nikajiuliza kiko wapi. Wanaume waliokitafuta walikitafuta gulioni, wakaulizana wao kwa wao, wakakikosa. Mimi nikajijibu kwamba chuma kikishakosa kazi ya mwanaume kinaingia jikoni. Na jikoni kwa mwanamke hakuna mwanaume mgeni anayeingia. Mimi naingia. Napiga hodi, naambiwa karibu, nakaa kwenye kigoda, nasaidia kupukuchua mahindi, na macho yangu yanatembea. Siku za gulio nilikuwa nakwenda Ulaya kwa miguu, siku nyingine Kidodi kwa lori la miwa, na sikwenda sokoni. Nilikwenda uani kwa watu.

Hamtaamini nilivyoviona. Mwili wa randa ya chuma, ya kizamani, mzito kama jiwe la kusagia, niliukuta Kidodi umekaa kama figa la tatu, sufuria ya maharage imekalia juu yake. Mwenye nyumba alisema jiwe lilipasuka, mumewe akaleta hilo dude. Niliondoka, nikarudi siku nyingine na jiwe zuri la mtoni nimelibeba kichwani, tukabadilishana, na aliniona mjinga. Kisu cha kuingia kwenye randa kama ile nilikikuta nyumba nyingine kabisa, mwanamke anakwangulia ukoko wa ugali kwenye sufuria. Nikamletea mwiko wa chuma na karanga kibaba. Msumeno mfupi wenye mgongo wa shaba ulikuwa unakatia miwa ya watoto, meno yamelala yote kama meno ya mzee. Na Ulaya kwa Bi Kidawa, mjane mtu mzima aliyeishi peke yake mwisho wa njia, niliikuta patasi pana anachimbulia mihogo. Bi Kidawa alinilisha kisamvu kwanza. Alikuwa na ulimi mkali, aliniuliza kama huko Mikumi nimeacha kula, mbona nimekonda kama mpini. Aliponiona siiachi ile patasi kwa macho, akanitupia, akasema chukua, mimi nitachimba kwa kijiti, lakini siku utakayotengeneza kitanda cha kwanza uje unitengenezee na mimi kigoda.

Juzi nilimpita kijana wa vyuma chakavu hapa Mikumi, ana mizani yake, ameweka randa ya chuma pamoja na rimu ya baiskeli na sufuria iliyotoboka. Anauza kwa kilo. Nikaitoa juu ya mizani. Akaniambia, bibi, hiyo ni kutu tupu. Nikamwambia kutu ni nguo, ivue uone. Nikamlipa kwa kilo kama alivyotaka, kwa sababu mwenye kuuza asiyejua anachouza si kazi yangu kumfundisha barabarani. Wajukuu wanasema mimi mkali. Ni kweli. Lakini kila mmoja wao ameshashika msasa.

Kutu niliivua hivi. Mafuta ya taa yalikuwa adimu, ya kuwashia koroboi tu, ukiyamwaga kwenye chuma watu wanakuona umerukwa na akili. Ukwaju ulikuwepo tele porini. Niliuchemsha ukawa uji mzito, nikatumbukiza vyuma kwenye debe, nikaviacha mpaka kutu ikalainika na kutoka kama tope, chini yake chuma cheusi, kisha nikasugua kwa mchanga na jivu, nikapaka mafuta ya ufuta. Ile randa ya jikoni tumbo lake lilikuwa limepindishwa na moto. Niliisugua kwenye sakafu ya saruji ya bafu la gesti, mchanga na maji, mbele nyuma, mbele nyuma. Kisha nikachukua kipande cha kioo cha dirisha, nikakipaka masizi, nikaiweka randa juu: palipochafuka ndipo palipo juu, nikarudi kusugua hapo. Mama Tausi alilalamika kwamba namlia sakafu. Wageni waliokwenda kuoga waliniruka. Siku masizi yalipoenea tumbo zima nilikaa chini pale bafuni nikacheka peke yangu.

Patasi ya Bi Kidawa niliiua. Ilikuwa haina mpini, ina mkia tu, na mimi nimekua nikiona jembe linavyotiwa mpini: unaweka mkia motoni ukawa mwekundu, unauchomeka kwenye mti, unajiunguzia njia yake wenyewe, unakaa milele. Nikafanya hivyo hivyo. Moto ukapanda kutoka mkiani, chuma kikageuka rangi ya samawati mpaka kwenye makali, kikapendeza kama kito. Mpini ulikaa sawa. Nilipoipiga kwenye mninga, makali yalikunjika kama kifuniko cha kopo. Jembe linavumilia moto kwa kuwa linakata udongo. Patasi ikipikwa inakufa. Nilirudi Ulaya kwa miguu nimeificha kwenye khanga. Bi Kidawa aliigeuza, akaigeuza tena.

"Umeipika?" akasema. "Mwanangu, hiki si kiazi."

Alicheka mpaka akashika ukuta. Kisha akainama mlangoni kwake, akachomoa patasi nyingine nyembamba iliyokuwa imekaa kabari, mlango usifunguliwe na mbuzi, akanipa, akaniambia hii ukiipika nitakuja Mikumi nikupike wewe. Hiyo niliichomeka ulimi wake wenye makali kwenye kigogo cha mgomba, kibichi, kinachochuruzika maji, mkia peke yake ukatazama moto. Ulimi ukabaki baridi. Mpaka leo natia mpini hivyo, na mpaka leo ile patasi inatoboa mninga.

Vitanda vya Mama Tausi vilinyamaza kimoja kimoja. Nikabana milango, nikaunga meza za chai, na nyuma ya pazia maranda yalijaa mpaka nikawa nayawashia moto wa kufulia. Habari haikai uani. Miwa ya Kidodi ilikuwa imeanza kuvunwa Shabani alipokuja kwa baiskeli. Aliniamkia vizuri. Alisimama akaangalia vifaa vilivyopangwa kwenye gunia, akanyanyua randa, akaipitishia kidole chini, akairudisha polepole. Yeye ile kubwa ya mjomba wake alishaibadilisha na redio, na ndogo ilimdondokea ikavunjika mdomo. Hakusema kitu kibaya. Alisema tu kwamba ukoo utapenda kujua nimevipata wapi.

Ukoo ukaniita. Nilifunga vifaa vyote kwenye gunia nikavibeba kichwani mpaka kwa wifi Mwajuma, sikutaka mtu aseme nimeficha. Niliwaamkia wazee mmoja mmoja, nikaitikiwa marahaba mmoja mmoja. Tulikula kwanza, wali na mbaazi, wanaume barazani, wanawake uani kwenye vinu. Aliyekaa katikati alikuwa mjomba wao mkubwa, Mzee Chande, ambaye ukoo ule haukupanda hata mgomba bila yeye kujua. Shabani akasimama. Nitasema haki, alizungumza vizuri. Alisema hasemi nimeiba. Anasema ng'ombe wa ukoo akizaa kwenye zizi la jirani, ndama ni wa ukoo. Kazi hii mke wa mjomba aliipata wapi? Kwenye meza ya mjomba. Basi vyuma vilivyozaliwa na kazi hiyo ni vya mjomba, na vya mjomba ni vyake. Wazee wakaitikia kwa koo. Hata mimi nilipoyasikia niliona yana miguu.

Mzee Chande akauliza nani anavijua vyuma hivi asili yake. Kabla sijafungua mdomo, sauti ikatoka uani kwenye vinu. Bi Kidawa hakuwa wa ukoo ule na hakuna aliyemwita. Alikuja kwa harufu ya wali, alisema mwenyewe. Akasema ile nyembamba ilikuwa kabari ya mlango wake tangu enzi za marehemu mumewe, na Shabani ameupita mlango huo tangu mtoto, anakuja kuomba mihogo, hajawahi kuinama kuisalimia kwamba ni mali ya ukoo. Wanawake wakacheka. Mwanamke mwingine, aliyeolewa pale kutoka Kidodi, akasema hata ile randa anaijua, ilikuwa figa kwa shangazi yake, kama ni ya ukoo basi ukoo umlipe shangazi maharage yote yaliyoiva juu yake. Uani wakacheka zaidi. Barazani hakucheka mtu, lakini Mzee Chande alifuta mdomo wake kwa muda mrefu.

Kisha akatoa neno. Alisema vyuma vimetoka mikononi mwa wanawake, ni vyangu, hilo limekwisha. Lakini mimi mwenyewe bado ni mjane wa ukoo na sijatoka. Nikikubali kukaa kwa Shabani, nitakaa na vyuma vyangu. Nikitaka kutoka, nitoke nilivyoingia, mikono mitupu, gunia libaki. Alilisema kwa upole, kama mtu anayekupa kiti. Wazee wakaona ni haki, na kwa mizani yao ilikuwa haki. Wote wakanigeukia. Nilikuwa na umri aliokuwa nao binti yangu wa mwisho alipoolewa, miaka mingi baadaye. Nililiangalia lile gunia, nikajiona nikiondoka bila hilo, nikirudi kufua mashuka mpaka nizeeke. Nikajiona ndani ya nyumba ya Shabani napiga randa mlango umeegeshwa, yeye amekaa nje anasifiwa mkono. Nyumba ile nilishaishi.

"Shikamoo tena, mzee wangu," nikasema. "Umenipa mawili, na nimeyakataa yote mawili."

Nikainama nikalipandisha gunia kichwani. Ni zito lile gunia, mtu hunyanyuliwa, lakini siku ile nilijinyanyulia. Shabani akapiga hatua moja mbele yangu. Sikusimama. Nilisema anayevitaka aje avitoe kichwani mwangu mwenyewe, hapa, mbele ya mama yake. Alinyoosha mkono, naye wifi Mwajuma, ambaye tangu asubuhi hakuwa amesema neno, akasema kutoka mlangoni, bila kupandisha sauti:

"Kaa chini, Shabani."

Akakaa. Mimi nikapita. Sikugeuka, kwa hiyo sijui Mzee Chande alifanya uso gani, na hakuna aliyewahi kuniambia. Ukoo ule haukunisamehe kwa miaka mingi. Nikipita njiani walinitazama kama mti. Niliolewa tena baadaye, nikazaa, hiyo ni habari nyingine. Wifi hakunitembelea hata mara moja, na mimi sikumpelekea hata salamu, lakini kila Idi nilimtumia mtu na nyama.

Nilifika Mikumi jua limepanda siku ya pili, shingo imekakamaa. Mama Tausi alikuwa anawamiminia madereva chai. Sikumwomba ruhusa. Nilikwenda uani, nikashusha pazia, nikaikokota meza yangu ya kazi kupita katikati ya gesti, kupita kwenye meza za wageni, mpaka nje mbele, pembeni ya lami, nikapanga vifaa juu yake. Mama Tausi alitoka na birika mkononi, akanitazama, akatazama barabara, akarudi ndani. Nikaweka ubao, nikaanza. Lori la Iringa likasimama, dereva akashuka na ubao wa bodi ya lori lake uliopasuka, akaniuliza fundi amekwenda wapi. Nikamwambia ndiye huyu anayemtazama. Akacheka, akasema hana haraka, atamsubiri fundi. Nikamwambia subiri. Akaagiza chai, akanywa, akaagiza nyingine. Randa ilikuwa inaimba, maranda yanaruka mpaka kwenye miguu yake, magari yanapita. Chai ya pili ilipokwisha aliinuka, akaja akauweka ule ubao wake mezani kwangu, akauliza utakuwa tayari saa ngapi.